Alan Page: Jaji Aliyeanza Safari Akiwa Bado Uwanjani

Maisha ya wachezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani husimuliwa kwa vipande viwili: kwanza miaka ya umaarufu, kisha miaka ya baadaye, ambayo mara nyingi hutawaliwa na majeraha, matatizo ya fedha na kusahaulika. Alan Page, aliyezaliwa Canton, Ohio, mwaka 1945, huhesabiwa miongoni mwa wachache waliobahatika: nyota wa Minnesota Vikings aliyekuja kuwa jaji. Masimulizi hayo yanamsifu, lakini yanapotosha mtiririko wa mambo. Page hakungoja kustaafu ndipo atafute maisha mengine. Sheria aliisoma akiwa bado anavaa jezi, na ukubwa wa habari yake umo katika jambo hilo.

Vikings walimsajili mwaka 1967 akitokea Chuo Kikuu cha Notre Dame. Alicheza katikati ya safu ya ulinzi, ambako kazi yake ilikuwa kupenya ukuta wa wapinzani na kumfikia mrusha mpira kabla hajautoa mkononi. Mwaka 1971 akawa mchezaji wa kwanza wa ulinzi kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ya NFL, heshima iliyokuwa ikienda kwa washambuliaji. Jaribio lake la kwanza la kusomea sheria halikudumu. Aliacha baada ya wiki chache tu. Alirudi darasani miaka kadhaa baadaye, safari hii katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akapata shahada mwaka 1978. Alipohamia Chicago Bears aliendelea kucheza hadi 1981, huku akifanya kazi ya uwakili Minneapolis misimu ilipofungwa. Hadi anastaafu alikuwa amecheza mechi 218 za msimu wa kawaida mfululizo. Rekodi hiyo inatosha kuonyesha kwamba masomo hayakumwondoa uwanjani.

Wapo watakaosema kwamba gharama ilikuwepo. Vikings walimwacha mwaka 1978, wakati mbio ndefu alizozipenda zilikuwa zimempunguza uzito, na kocha Bud Grant aliona kuwa hana tena nguvu ya nafasi ile. Lakini Bears walimchukua mara moja, naye akawatumikia zaidi ya misimu mitatu. Wengine watasema kura alizipata kwa jina la mpira. Bila shaka jina lilimsaidia alipogombea Mahakama ya Juu ya Minnesota mwaka 1992 na kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi humo. Hata hivyo, jina halikumfungulia mlango: gavana alikuwa ameongeza muda wa jaji aliyekuwepo, uchaguzi ukaondolewa, na Page akalazimika kwenda mahakamani kudai ufanyike. Hoja za sheria ndizo zilizomrudishia wapiga kura nafasi ya kuchagua. Wakamchagua tena mara tatu, hadi alipofikisha umri wa kustaafu wa miaka 70 mwaka 2015.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfano wa mtu mmoja huwapa wenye ligi kisingizio: kila mchezaji ajitegemee, na anayeanguka ajilaumu. Page mwenyewe hakuishi hivyo. Alikuwa mwakilishi wa wachezaji wenzake katika chama chao, mahali pa kudai haki kwa pamoja. Na mwaka 1988, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Futiboli pale Canton, hakutambulishwa na kocha bali na mwalimu mkuu wa shule ya Minneapolis. Katika hotuba yake alisema wazi kwamba baadhi ya wachezaji aliocheza nao hawakuweza kusoma kitabu cha mbinu za timu. Watu hao walikuwa wamepitia vyuo vikuu vilivyowatumia kwa mechi na kuwavusha bila elimu.

Mwaka huohuo yeye na mkewe Diane walianzisha Page Education Foundation, inayowalipia wanafunzi wa Minnesota masomo ya juu kwa sharti la kujitolea kuwasaidia wadogo zao shuleni. Kwa hiyo anayetaka kuokoa maisha ya baadaye ya mwanamichezo asisubiri siku ya kumuaga. Klabu na vyuo vinavyonufaika na nguvu zake vinadaiwa kumpa nafasi ya kusoma wakati nguvu hizo zingali na soko, kwa kuwa akishaachwa hana tena cha kuvibana nacho.