Kisukari huwapata wembamba pia, utafiti wa kongosho wabainisha

MKAZI wa Bamburi mwenye mwili mwembamba, anayeshinda juani akifanya kazi ya sulubu, anaweza kudhani kwamba kisukari ni maradhi ya wanene na matajiri. Utafiti uliofanywa katika nchi jirani ya Tanzania unaonyesha kuwa dhana hiyo ni ya hatari.

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kina kazi mbili: kutoa majimaji ya kusaga chakula, na kutengeneza homoni, ikiwemo insulini inayotoka katika seli za beta. Insulini huwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli za mwili ili itumike kuleta nguvu.

Kisukari huweza kuzuka kwa njia mbili kuu. Ama mwili huwa sugu kwa insulini, hali inayohusishwa sana na unene, ama kongosho lenyewe hushindwa kutoa insulini ya kutosha.

Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na George PrayGod wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Mwanza, walichapisha matokeo kuhusu watu wazima zaidi ya 1,800 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Washiriki walinyweshwa maji ya glukosi, kisha wakapimwa sukari na insulini katika damu. Ilibainika kuwa udhaifu wa seli za beta ulichangia kisukari zaidi kuliko usugu wa mwili kwa insulini.

Suala hili si geni. Kisukari cha watu waliodhoofika kwa utapiamlo kiliripotiwa Jamaica mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani lilikiorodhesha mwaka 1985, kisha likakiondoa mwaka 1999 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mnamo Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, likikutana Bangkok, lilikitambua kuwa aina ya tano ya kisukari, ingawa wataalamu wote hawajaafikiana.

Tofauti hizi zina maana kubwa katika tiba. Mgonjwa ambaye kongosho lake limechoka huenda akahitaji sindano za insulini mapema, ilhali yule ambaye mwili wake ni sugu huweza kusaidiwa na vidonge kama metformin, lishe bora na kupunguza uzito. Uamuzi huo ni wa daktari. Mgonjwa asiache wala kubadilisha dawa kwa hiari yake.

Lakini hakuna tiba bila kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban Wakenya 88 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu.

Dalili za kisukari ni kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara, uchovu, macho kuona ukungu na kukonda bila sababu. Kwa mtu ambaye tayari ni mwembamba, kukonda huko huweza kudhaniwa kuwa ni njaa au kazi nyingi. Mwenye dalili hizo, awe mnene au mwembamba, yampasa afike kituo cha afya akapimwe bila kukawia.