Jina Chini ya Bakuli

Geuza bakuli la kale la Kizungu, lile la maua yaliyogongwa kwa sifongo. Chini huenda ukasoma: Petrus Regout, Maastricht. Bwana huyu alianza kutengeneza vyombo vya udongo Uholanzi miaka ya 1830; mabakuli ya kiwanda chake yakauzwa hadi Zanzibar. Sawa. Ila huku kwetu Ufipa, jamani! Vitabu vinasifu malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo wanaume waliyeyusha chuma. Mama aliyefinyanga chungu kwa mkono, bila gurudumu, akakichoma kwa kuni, hana jina popote. Geuza chungu chake: masizi tu. Lakini mie, pale Sumbawanga, niliujua mkono wa bibi kwa mistari aliyoikwaruza shingoni mwa chungu. Kwani ile siyo saini?