Dawa ya Moto ni Moto? Historia ya Homeopathia na Gome la Kwinini



Mada hii nimeiandika kwa sababu ya swali ninaloulizwa sana na mabinti wanaokuja kupimwa magauni ya harusi hapa Dumila. Ukishatangazwa uchumba, kila mtu anakuwa daktari wako. Shangazi analeta habasoda. Somo anatwanga karafuu na liwa za singo. Jirani ananunua mizizi ya Kimasai gulioni. Na siku hizi hakosekani wa kuleta kichupa cha vidonge vyeupe vidogo kama punje za uwele, kimeandikwa Kilatini, akisema hii ni homeopathia, ni mitishamba tu, haina madhara.

Je, ni mitishamba kweli? Jibu lake linahitaji historia, na historia yenyewe imeanzia kwenye ugonjwa tunaoujua vizuri sana huku kwetu: malaria.

Kwanza tuangalie tulikotoka sisi. Tiba ya pwani, ile ya wazee waliosoma vitabu, ilirithi elimu ya Jalinus wa Wagiriki kupitia kwa Waarabu na Waajemi. Mkubwa wao ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na kuacha kitabu cha Qanuni, ambacho madaktari wa Ulaya nao walikisoma kwa karne nyingi. Katika elimu hiyo mwili una joto na baridi, ukavu na unyevu, na ugonjwa ni vitu hivyo kupotea mizani. Dawa yake ni kinyume chake. Mwenye baridi apewe cha moto, mwenye joto apewe cha kupoza. Ndiyo maana mpaka leo mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na mchuzi wake hutiwa tangawizi na mdalasini. Hata bibi ambaye hajawahi kusikia jina la Ibn Sina anaifuata elimu hiyo jikoni kwake. (Pilipili manga na mdalasini nyingi tunazotumia sisi zinashuka kutoka milima ya Uluguru, pande za Kinole na Matombo. Msidhani viungo ni vya Unguja na Pemba peke yake!)

Lakini Waswahili hao hao wana methali nyingine: dawa ya moto ni moto. Hiyo ni kinyume kabisa cha uji wa pilipili manga, maana inasema kinachoumiza ndicho kinachoponya. Homeopathia yote imejengwa juu ya wazo hilo, ingawa aliyeianzisha alikuwa Mjerumani na methali yetu hakuijua.

Jina lake Samuel Hahnemann, mzaliwa wa Meissen mwaka 1755, mtoto wa mchoraji wa vyombo vya kauri. Alisomea udaktari, lakini tiba za zama zake zilimchosha. Wagonjwa walikuwa wanatolewa damu mpaka wanazimia na kunyweshwa zebaki mpaka meno yanang'oka. Akawa anaishi zaidi kwa kutafsiri vitabu. Mwaka 1790, akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen, akafika mahali panapoelezea gome la mti wa kwinini kutoka milima ya Peru, lililokuwa likitibu homa za vipindi. Cullen alisema gome linaponya kwa sababu ni chungu na linakaza tumbo. Hahnemann hakuridhika. Akalinywa mwenyewe kwa siku kadhaa akiwa mzima, na akaandika kwamba miguu na ncha za vidole vilipoa, moyo ukaenda mbio, akatetemeka, mashavu yakawaka na kiu ikamshika. Kwake yeye hizo zilikuwa dalili za homa ile ile ambayo gome linaitibu.

Hapo akapata kanuni yake: kinachomletea mzima dalili fulani kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Akaitangaza mwaka 1796, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon. Tatizo ni kwamba watu wengi sana wamekunywa kwinini baada yake na hawakupata homa ya aina hiyo. Huenda ni mwili wake tu ulioipokea dawa vile. Nyumba kubwa namna hii ilijengwa juu ya mtu mmoja na kikombe chake.

Baadaye yeye na wafuasi wake walijaribu karibu kila kitu alichoumba Mola. Wa visiwani mtafurahi kusikia kwamba bahari imo sana. Kichupa kilichoandikwa Sepia chanzo chake ni wino wa dome, ndugu wa ngisi, na hupewa wanawake wenye uchovu na matatizo ya hedhi. Calcarea carbonica ni gamba la chaza. Natrum muriaticum ni chumvi, hii hii ya kupikia. Allium cepa ni kitunguu maji: kwa kuwa ukikikata macho na pua vinachuruzika, basi wanasema kinatibu mafua ya kuchuruzika. Coffea ni kahawa mbichi, ya kumpa asiyepata usingizi! Apis ni nyuki mzima, ya uvimbe unaochoma. Nux vomica ni mbegu ya mti wa India wenye sumu kali, jamaa wa karibu wa mtonga wetu wa porini. Waliokulia vijijini Kilosa na Mvomero wamekula matonga, na wanajua kwamba nyama yake hunyonywa na mbegu hutemwa.

Mtauliza, sasa sumu hiyo mtu anakunywaje? Hapa ndipo penye siri ya kichupa.

Mimi ni fundi cherehani, nitaeleza kwa kitambaa. Chukua kitambaa chekundu kinachochuja rangi. Kiloweke, maji yatakuwa mekundu. Sasa chukua tone moja la maji hayo, litie kwenye matone 99 ya maji safi, utikise. Chukua tone moja la hayo mapya, utie tena kwenye 99, utikise. Hahnemann alifundisha kufanya hivyo mara nyingi, na dawa iliyoandikwa 30C imefanyiwa hivyo mara 30. Kwa hesabu za kemia, ukifika kwenye mara ya 12 au ya 13 hakuna tena hata chembe moja ya rangi ya mwanzo. Mara zilizobaki unatikisa maji kwa maji. Kisha tone hudondoshwa kwenye kidonge cha sukari. Wao wanaamini maji yanabaki na nguvu, na kwamba kadiri unavyopunguza ndivyo dawa inavyozidi ukali. Kwa hiyo jina la mmea au mnyama lipo kwenye karatasi ya nje, lakini mwenyewe ndani hayupo.

Basi ndiyo maana mtu husema haina madhara. Ni kweli vidonge vya aina hiyo havina cha kukudhuru. Ila havina cha kukutibu pia, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilionya mwaka 2009 kwamba homeopathia isitumike kutibu malaria, kifua kikuu, UKIMWI wala kuharisha kwa watoto wachanga. Baraza la utafiti wa afya la Australia nalo lilipitia tafiti nyingi na mwaka 2015 likasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu. Na angalieni, si vichupa vyote vimepunguzwa hivyo. Vilivyopunguzwa kidogo huweza kuwa na sumu bado. Jambo jingine kwetu sisi Waislamu ni kwamba dawa za matone kwa kawaida hutengenezwa kwa kilevi, kwa hiyo soma karatasi na umuulize sheikh wako kabla hujanunua.

Lakini tuwe waadilifu. Kwa nini watu waliipenda? Ni kwa sababu daktari wa zama zile alikuwa wa kuogopwa. Kipindupindu kilipoipiga London mwaka 1854, wagonjwa katika hospitali ya homeopathia walikufa wachache kuliko wa hospitali nyingine. Wale wengine walipewa dawa za kuwamaliza maji mwilini. Wa homeopathia walilazwa, wakaangaliwa, wakaachwa mwili upambane. Kipindupindu hicho hicho kilifika Unguja mara kadhaa, na daktari James Christie aliyekuwa pale kwenye balaa la 1869 na 1870 aliandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1876. Hospitali zenyewe bado zilikuwa gizani.

Na pale Paris kuna mwanamke ambaye historia humsahau. Mélanie d'Hervilly alikuwa Mfaransa, mchoraji, aliyekwenda Ujerumani kutibiwa na Hahnemann. Wakaoana mwaka 1835, mume akikaribia miaka 80 na mke akiwa katika miaka ya thelathini. Akajifunza kazi, akatibu pamoja naye, na mume alipofariki mwaka 1843 akaendelea peke yake. Mwaka 1847 akashtakiwa na kuhukumiwa kwa kutibu bila kibali. Mimi siikubali dawa yake, lakini mwanamke huyo namheshimu.

Sasa turudi kwenye gome, maana gome lina historia yake ya pili ambayo ni yetu. Mwaka 1820, huko huko Paris, Pelletier na Caventou walifanya kinyume kabisa cha Hahnemann. Badala ya kulipunguza gome, walilichuja mpaka wakatoa kile chenye nguvu ndani yake, wakakiita kwinini. Baadaye ikajulikana kwamba malaria ni vijidudu ndani ya damu, vinavyoletwa na mbu, na kwamba kwinini inaviua. Hakuna cha moto kwa moto hapo. Robert Koch, daktari maarufu wa Kijerumani, alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, na kwinini ndiyo aliyoitegemea.

Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, wakapanda miti ya kwinini. Vita vya 1914 vilipofunga njia za baharini, gome la Amani likawa uhai wa majeshi yao. Walipokosa mitambo walilichemsha wakanywa, na ladha yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba wakaipachika jina la kamanda wao, Lettow. Agosti 1916 Waingereza waliichukua Morogoro na vita vikazunguka Uluguru. Wapagazi wetu walikufa kwa maelfu njiani, kwa njaa na maradhi. Historia ya dawa huwa haiwaandiki hao.

Mmea mwingine uliofuata njia ya gome ni pakanga ya Kichina. Mama mmoja, Tu Youyou, alisoma kitabu cha kale cha karne ya nne kilichosema majani yalowekwe na kukamuliwa. Akaelewa kwamba moto wa kuchemsha unaiharibu dawa, akabadili njia, na mwaka 1972 kundi lake likapata artemisinini. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayopewa zahanati imetoka hapo. Chai ya pakanga nyumbani lakini WHO haiikubali kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani.

Ndiyo tofauti ninayotaka bi harusi aishike. Mitishamba ina kitu ndani, ndiyo maana inaponya, na ndiyo maana inadhuru ukikosea kipimo. Mwarobaini mjamzito hukatazwa kwa sababu una nguvu. Kwenye sheria yetu ya mwaka 2002 tiba asili na tiba mbadala zimewekewa baraza moja, na Zanzibar ina lake, lakini mzizi wa Mkaguru na kidonge cha sukari kutoka Ujerumani au India si ndugu hata kidogo. Mganga wa mitishamba muulize amesajiliwa wapi, na usione haya.

Singo yako jisugue, udi jifukize, hayo ni uzuri na hayana ugomvi na mtu. Homa ni jambo lingine. Dumila yetu ni njia panda yenye mito na mashamba ya mpunga, na Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu kabisa, mkaona kwenye taarifa za habari. Mbu tunao. Bi harusi wengi hubeba mimba miezi ya mwanzo tu, na malaria humvamia mjamzito kwa ukali kuliko mwingine: damu inapungua, mtoto anazaliwa mdogo au mimba inatoka. Mtu wa aina hiyo akipewa vidonge vya sukari kwa siku tatu "kwanza tuone", hizo siku tatu hazirudi. Apimwe siku hiyo hiyo. Kliniki waanze mapema, wapewe chandarua, na kuanzia mwezi wa nne wapewe vidonge vya SP vya kinga.

Kwa miezi mitatu ya kwanza, WHO iliruhusu dawa mseto mwaka 2022 tu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mjamzito wa miezi hiyo alikuwa anapewa kwinini, kidonge cha miligramu 300, kilichotoka kwenye gome lile lile alilokunywa Hahnemann. Waulizeni mama zenu, watawaambia uchungu wake na jinsi masikio yalivyokuwa yanavuma.