Samaki mdogo wa Tanganyika na ubongo unaojua nani ni mkubwa

Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton alifika Uvira kwa mtumbwi, akitafuta chanzo cha mto Nile. Baadaye wataalamu wakampa samaki mmoja wa ziwa Tanganyika jina lake: burtoni. Si ndagala, si mikeke. Ni samaki mdogo wa maji ya ukingoni, ambaye wakaaji wa huko walikuwa wakimwona kabla Burton hajafika.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu Russell Fernald alianza kumchunguza. Aliona madume ya namna mbili. Machache yana eneo lao: rangi kali, mstari mweusi kwenye jicho, yanafukuza wengine na kuzaa na majike. Mengi hayana eneo. Yanatembea kwa kundi, rangi imefifia kama ya jike.

Mtu angedhani hawa wamezaliwa wanyonge. Sivyo. Mkubwa akiondolewa gizani, kunapokucha mnyonge mmoja anaona nafasi, na kwa dakika chache tu rangi yake inawaka. Mwaka 2005 kundi la Fernald lilionyesha kwamba hata ndani ya ubongo mabadiliko yanaanza mapema hivyo, kwenye sehemu yenye seli zinazotuma homoni ya uzazi. Siku zinazofuata seli hizo zinanenepa. Dume akinyang’anywa eneo, zinapungua tena. Hilo lilikwisha kuandikwa mwaka 1993. Familia zilizokimbia makwao zitaelewa haraka: samaki ni yule yule, alichopoteza ni mahali.

Jaribio la mwaka 2007 linashangaza zaidi. Dume mmoja aliwekwa pembeni kutazama wenzake watano wakipigana. Wa kwanza alimshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa tano. Kisha akaonyeshwa wa pili na wa nne, ambao hajawaona wakipigana. Mtazamaji alisogea upande wa wa nne, yule dhaifu. Alikuwa amepiga hesabu yake kwa macho tu!

Je, ni samaki peke yake? Mwaka 2012 Lauren O’Connell na Hans Hofmann walilinganisha ubongo wa aina 88 za wanyama wenye uti wa mgongo: samaki, vyura, mijusi, ndege na wanyama wanyonyeshao. Sehemu zinazoongoza kupigana, kupendana na kulea watoto walizikuta kwa wote, na hazikubadilika sana tangu zaidi ya miaka milioni 400.