Usimamizi wa Umeme katika Viendeshi vya Maunzi

Usimamizi wa umeme ni tadbiri ambayo kwayo kiendeshi, yaani programu iliyo baina ya mfumo endeshi na kifaa, hukiamsha kifaa kinapohitajiwa na kukilaza kisipokuwa na kazi, pasi na kupoteza data wala kukidhuru.

Asili

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa kanuni za APM, ambazo ziliiachia BIOS, yaani programu ya msingi iwashayo kompyuta, sehemu kubwa ya uamuzi. Desemba 1996, wakiwa pamoja na Toshiba, walitoa ACPI, iliyoukabidhi mfumo endeshi mamlaka hayo na kuzipanga hali za kifaa tangu D0, kilipo macho kamili, hata D3, kilipozimwa. Katika Linux, utaratibu wa kulaza kifaa kimoja kimoja mashine ingali kazini uliingia katika toleo la 2.6.32, Desemba 2009.

Taratibu za usalama

Msingi wa utaratibu huo wa Linux ni hesabu: kila mwenye haja na kifaa huongeza moja, amalizapo hupunguza moja, na ifikapo sifuri ndipo kifaa huruhusiwa kulala. Hesabu hii ni amana, na aghalabu huvunjwa pale kosa linapotokea; kwani amri ya pm_runtime_get_sync huiongeza hata kifaa kikishindwa kuamka, na kiendeshi kisichoirudisha husababisha kifaa, kiamkapo baadaye, kisilale tena, betri ikaliwa kimyakimya. Kwa ajili hiyo iliongezwa, mwaka 2020, amri ya pm_runtime_resume_and_get, irejeshayo hesabu yenyewe kifaa kikishindwa kuamka.

Hatari ya pili ni kukigusa kifaa kilicholala. Kuisoma kadi ya mtandao iliyozimwa kwa kawaida hurudisha biti 32 zote za moja, na kiendeshi kisicho na hadhari huzipokea kama habari ya kweli. Katika chipu za simu, kusoma rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya kifaa, ambayo saa yake imesimamishwa huweza kuigandisha simu nzima. Basi ni faradhi, kabla ya kulaza, kuzuia maombi mapya, kungoja yaliyo njiani yamalizike, kunyamazisha ishara za kukatiza na kuhifadhi rejista. Na wakati wa kuamsha, kuyatengua hayo kwa mpango wa kinyume.

Kisauni

Manufaa ya taratibu hizi huonekana mahali kama Kisauni, mjini Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Stima zikatikapo, kompyuta ya kupakata katika kibanda cha kuchapisha hubaki na betri yake pekee, na barua ya mteja husalimika ikiwa kiendeshi cha diski kimeyaandika diskini yote yaliyo katika kumbukumbu ya muda kabla ya diski kuzimwa.

Hali ya sasa

Android, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, hufuata taratibu hizi.