Kondoo wa Kanisa la Morebath

Katika nchi ya Uingereza, upande wa magharibi, jimbo la Devon, kiko kijiji kiitwacho Morebath. Miaka mia tano iliyopita kilikuwa na nyumba 33 tu, na watu wake walikuwa wakulima na wachungaji, wala hawakuwa na mali. Lakini twawajua kwa majina, kwa sababu padre wao, Christopher Trychay, aliandika hesabu za kanisa lao. Alifika mwaka 1520, akakaa hata kufa kwake mwaka 1574, yaani miaka 54.

Je, kanisa lile lilipata wapi fedha? Lilikuwa na kondoo wake. Waligawanywa nyumba kwa nyumba, kila mtu akachunga wa kanisa pamoja na wake mwenyewe. Sufu ikauzwa, na fedha yake ikanunua mishumaa. Vijana wanaume walikuwa na mfuko wao, na wasichana wao, kila mfuko na watunzaji wake. Tena kila mwaka hesabu zilisomwa mbele ya watu wote, hata kondoo aliyekufa akatajwa.

Kwa muda wa miaka karibu 20 waliweka akiba, kidogo kidogo, wapate kununua mavazi meusi ya padre kwa ibada ya wafu. Mwaka 1547 wakayapata. Lakini mwaka huo huo Edward VI, mtoto wa miaka 9, akatawazwa, na washauri wake wakazidi kugeuza ibada. Kondoo wa kanisa wakauzwa, mifuko ikafungwa, na ibada ile iliyowekewa mavazi ikakatazwa.

Mwaka 1549 watu wa magharibi wakaasi. Morebath wakawapa fedha vijana 5, wakaenda kwenye kambi ya waasi karibu na mji wa Exeter. Mwezi wa Agosti majeshi ya mfalme yakawashinda.

Hata mwaka 1553 alipotawala Malkia Mary, ibada ya kwanza ikarudishwa. Ndipo watu wakatoa majumbani mwao vitu vya kanisa walivyokuwa wamevificha. Lakini mwaka 1558 akaja Elizabeth, mambo yakageuka tena. Padre Trychay alitii kila mara, akabaki akibatiza watoto na kuzika wazee wa kijiji kile kile. Wako wamwitao dhaifu. Wako wasemao hakutaka kuwaacha watu wake.

Kitabu chake kipo hata leo, na mwaka 1904 kilipigwa chapa. Hakuandika ili asifiwe, bali senti za maskini zisipotee. Basi kwa uaminifu huo mdogo, maskini wale hawakusahauliwa. Nawe uliye mtunza hesabu, usidharau daftari yako.