Kutoka Karungu hadi Mbuyuni: Njia ya Kariakoo

Asubuhi ufuo wa Karungu, Kaunti ya Migori, hunukia omena. Dagaa hao hutandazwa juu ya nyavu wakauke, na nyuma yao Ziwa Victoria limetulia. Nilianzia safari yangu hapa kwa kuwa Vita vya Kwanza vya Dunia viliingia Nyanza Kusini kwa maji haya, na ni kwa maji hayohayo vijana wa huku walichukuliwa kupelekwa kambi za nyikani, mamia ya kilomita kutoka kwao. Nilitaka kuifuata njia yao hadi mwisho.

Septemba 1914, vita ikiwa na mwezi mmoja tu, meli ya Kijerumani Muansa iliishika ghuba ya Karungu. Meli ya Waingereza, Winifred, ilipofika ilirudi nyuma, kisha ikaja tena pamoja na meli nyingine, Kavirondo, na kuikomboa ghuba. Siku hizohizo kikosi cha Wajerumani kiliuteka mji wa Kisii. Makundi ya askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo wananchi waliliita Keya, yalivushwa kutoka Kisumu hadi Kendu Bay, yakapanda milima kwa miguu, na Septemba 12 yakapigana Kisii. Kapteni Thorne aliyeyaongoza aliuawa, na Wajerumani wakarudi kusini.

Kwa watu wa hapa, hatari iliyofuata ilitoka serikalini. Jeshi bila mzigo haliendi, na mzigo Afrika Mashariki ulihitaji bega la mtu, maana mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe. Serikali ikaunda jeshi la wapagazi, Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu. Nyanza, iliyokuwa na watu wengi na kituo cha reli Kisumu, ikabeba sehemu kubwa kuliko majimbo mengine. Mkuu wa jimbo alidai idadi, machifu wakaitafuta kijiji kwa kijiji.

Kutoka Karungu nilipita Homa Bay, mlima wake ukiwa umeinuka juu ya ghuba, nikafika Kendu Bay. Wale vijana walivuka ghuba ya Winam hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika tangu 1901. Huko ndiko wengi wao walikoliona gari la moshi kwa mara ya kwanza. Walivuka Bonde la Ufa, wakapita baridi ya nyanda za juu na kushuka Nairobi. Kambi yao ya Nairobi imekuwa mtaa na soko: Kariokor. Leo watu huenda pale kununua vyondo na kula nyama choma.

Kutoka Nairobi reli huteremka nyika ya Tsavo hadi Voi, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Wajerumani walikuwa wameuteka mji wa mpakani wa Taveta tangu Agosti 1914. Ili kuwaondoa, Waingereza walihitaji kulikusanya jeshi zima mahali ambapo hapakuwa na mto wala shamba. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka ilikuwa imefika Maktau. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Januari 1916 wakaishika Mbuyuni, mbele ya Maktau, na nyika iliyojua tembo na miiba ikageuka mji wa mahema. Walikusanyika Waingereza, Wahindi, Waafrika Kusini, Warhodesia na askari wa Keya, wote wakingoja amri. Kwa wengi wao hii ilikuwa kambi ya ng'ambo, kituo cha kupita tu. Machi 1916 Jenerali Smuts aliwatoa hapo, wakauchukua Taveta na kuingia nchi ya Wajerumani.

Nilisimama Mbuyuni saa saba mchana. Upepo ulikuwa na vumbi jekundu, na kivuli pekee kilikuwa cha mibuyu iliyopapa jina mahali hapa. Nikamfikiria kijana aliyezaliwa kando ya ziwa, aliyezoea kuona maji kila anapofumbua macho, akipewa maji ya kupimwa kwa kikombe. Alizoea ugali wa wimbi au mtama na samaki. Hapa alipewa unga wa mahindi, kuni hazitoshi, muda hautoshi, akala sima mbichi. Matumbo yakaharibika. Kuhara damu, malaria na kichomi viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Mshahara ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, kwa mzigo wa takribani kilo 25 kila siku ya mwendo.

Wala haikuishia Mbuyuni. Vita iliposogea kusini mwaka 1917, John Ainsworth, aliyekuwa ametawala Nyanza kwa miaka mingi, alikabidhiwa kukusanya wapagazi kwa wingi usiokuwa umeonekana. Safari hii waliingizwa melini kwenda Dar es Salaam, Kilwa na Lindi, kwenye matope ya Rufiji. Kambi yao ya Dar es Salaam nayo ikaacha jina, na soko la Kariakoo linalibeba hadi leo. Rekodi za Waingereza zenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita hiyo.

Njiani kurudi nilisimama makaburini. Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi. Voi amelala Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia. Septemba 1915 karibu na Maktau alijeruhiwa mguu, akasisitiza aachwe nyuma kwa matumaini ya kuwaokoa majeruhi wengine, akauawa. Anastahili jiwe lake na heshima yake. Lakini nilitafuta jina la mpagazi mmoja tu kutoka Nyanza Kusini katika mawe yale, sikuliona. Nairobi, katika sanamu ya askari iliyozinduliwa 1928, mpagazi amesimama pamoja na wanajeshi wawili, naye pia hana jina. Mishahara ya marehemu ambao jamaa zao hawakupatikana ilibaki serikalini. Watkins aliwatetea kwa miaka mingi, na fedha hizo hazikufika vijijini.

Walionusurika walirudi na kukuta kipande, kitambulisho cha lazima, kikiwangoja: sheria nyingine ya 1915, ya kuwaandikisha wanaume, ilianza kutekelezwa mara baada ya vita. Serikali iliyoshindwa kumtafuta mjane wa mpagazi ili imlipe, iliweza kumtafuta kila mwanamume mzima na kumvisha namba shingoni.

Nilimalizia tena kando ya ziwa, ufuoni Kendu Bay, mtumbwi ukiingia na samaki. Kaunti za Homa Bay na Migori zinaweza kulisimamisha jiwe hapa na lingine Karungu, na kabla ya jiwe, ziwatume vijana wa shule wakaulize majumbani: nani katika ukoo huu alikwenda Kariakoo? Kila ukoo unajua majina yake. Yaandikwe sasa, kwa kalamu ya wajukuu, kwa kuwa aliyewachukua wenye majina hayo hakuyatunza.